Kabla ya Nyundo, Uliza Kimebeba Nini

Wanangu,

Wiki iliyopita nilikwenda Magomeni kumjulia hali ndugu yangu, nikakuta jirani yake anabomoa nyumba. Juu ya ukuta wa ghorofa ya kwanza alikuwa amekaa kijana wa miaka ishirini hivi, mguu mmoja huku na mwingine kule kama mtu aliyepanda baiskeli, na kwa mtalimbo wake anang'oa tofali za ukuta uleule alioukalia. Ndani ya chumba kilicho chini yake, wenzake wawili walikuwa wakikata nondo za bimu kwa msumeno. Kichwani hawana kitu, miguuni kandambili. Nilishindwa kupita. Nikaita, "Mjukuu wangu, shuka kwanza." Akajibu, "Shikamoo babu. Hatuna muda, tajiri anataka nondo zake kabla ya magharibi."

Alishuka, kwa kuheshimu mvi nadhani, tukakaa chini ya mwarobaini nusu saa nzima. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyowaambia yeye na wenzake, pamoja na mengine yaliyonijia kwenye daladala nikirudi nyumbani.

Mimi nimekula mkate wa ujenzi miaka arobaini na mbili. Nilianza saidia fundi Tanga, nikabeba karai la zege kabla sijaota ndevu, nikaja Dar es Salaam nikawa fundi, kisha mnyapara. Nyumba nilizojenga ni nyingi kuliko nilizobomoa. Lakini wenzangu niliowasindikiza makaburini, walio wengi walifia kwenye kubomoa. Nimelifikiri sana jambo hili, na naona sababu yake ni moja: watu wanaamini kujenga ndiko kunakotaka akili, kubomoa kunataka nguvu tu. Kwa hiyo akitakiwa mtu wa kujenga anatafutwa fundi, na akitakiwa mtu wa kubomoa wanaokotwa vijana kijiweni.

Nyumba iliyosimama haijalala usingizi. Inafanya kazi usiku na mchana. Slabu imekaa juu ya bimu, bimu imekaa juu ya nguzo, nguzo inashusha mzigo kwenye msingi na msingi unaukabidhi kwa ardhi. Na mzigo wenyewe si wa mchezo. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi. Slabu ya unene wa sentimita 15, ile ya kawaida kabisa ya nyumba zetu, kila mita ya mraba ina kilo 360. Chumba cha mita nne kwa nne kina karibu tani sita zinazoning'inia juu ya kichwa chako, na kilichozizuia zisije chini ni zile bimu na nguzo unazozikodolea macho kwa ajili ya nondo.

Ndiyo maana mimi nikiingia kwenye nyumba ya kubomoa, kabla sijagusa kitu chochote nauliza: hiki kimebeba nini, na nikikitoa, mzigo wake utakwenda wapi? Linta ya juu ya mlango, nguzo ya baraza, ukuta mwembamba wa katikati, hata mbao ya kenchi, vyote naviuliza swali hilo hilo. Nisipopata jibu sikigusi. Namwita aliyesoma zaidi yangu.

Aliyejenga alianza chini akapanda. Wewe unaanza alikomalizia na kumfuata kinyumenyume. Kwanza vitu visivyobeba kitu: milango, madirisha, vioo, vyoo, nyaya, dari. Halafu bati, papi na kenchi. Halafu kuta za ghorofa ya juu kabisa, mistari michache ya tofali kwa wakati mmoja, kuzunguka nyumba nzima, usiache upande mmoja umesimama mrefu peke yake. Halafu slabu, bimu zilizoibeba, na nguzo mwisho. Ghorofa ikiisha ndipo unateremka ya chini yake. Anayekata chini ili juu kuporomoke kwenyewe anadhani amepata njia ya mkato, lakini jengo ndilo litakaloamua liangukie wapi na lini, na halitamuuliza.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi, nalo ni hizi nondo.

Mnajua biashara inavyokwenda. Mwenye kiwanja anataka ghorofa jipya, hataki kutoa hela ya kubomoa la zamani. Anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, wanakubaliana: wewe bomoa, nondo, bati, milango na mbao ni vyako. Mnunuzi naye anawaita nyinyi na kuwalipa kwa mnachokitoa. Kuanzia hapo nyumba imekuwa ghala la chuma, na kila saa inayopita ni hasara. Nondo nene zaidi ziko wapi? Kwenye bimu na nguzo. Kwa hiyo vijana wanaanzia pale ambapo kwa haki wangemalizia. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wahenga hawakuwa na zege, lakini walitujua sisi wenyewe.

Wala msidhani ni ujinga wa Kiafrika. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, tarehe 5 Juni 2013, jengo la ghorofa lilikuwa likibomolewa kwenye barabara ya Market. Mkandarasi alitoa kwanza boriti za mbao zilizobeba sakafu, kwa sababu mbao za zamani zina soko. Boriti zile hazikuwa zimebeba sakafu peke yake, zilikuwa zimezishika kuta mbili za pembeni zisitengane. Zilipotoka, ukaachwa ukuta mrefu wa matofali umesimama peke yake, haujaegemezwa kwa kitu. Chini yake, bega kwa bega, kulikuwa na duka la mitumba lililokuwa wazi, lina wateja na wauzaji. Ukuta ulianguka juu ya paa la duka. Watu sita walikufa siku ile na wa saba akafa baadaye hospitalini. Mkandarasi na dereva wa mashine wakahukumiwa vifungo. Hakuna kimbunga kilichopita wala tetemeko lililotikisa. Kilichotoka ni mbao za kuuza, zilizotolewa kabla ya zamu yake.

Kwa hiyo mkitaka kuchukua kazi ya namna hii, msichukue kwa malipo ya nondo. Daini posho ya siku. Mtu aliyelipwa kwa siku anaweza kusubiri ukuta uegemezwe, lakini aliyelipwa kwa kilo hasubiri. Najua njaa ilivyo, nimelala nayo. Bado nasema.

Kifusi nacho kimeua wengi bila watu kujua kwamba ndicho kilichoua. Unabomoa kuta za ghorofa ya juu, matofali yanadondoka juu ya slabu, yanarundikana. Kushusha ni kazi ya kuchosha, hivyo mnasema tutashusha kesho. Tupige hesabu pamoja. Mita moja ya ujazo ya kifusi cha zege na tofali ina tani moja na nusu hivi. Chumba kilekile cha mita nne kwa nne kikijaa kifusi hadi nusu mita, yaani chini ya magoti kidogo, hizo ni mita za ujazo nane, tani 12. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba watu na vyombo vya kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, ambayo kwa chumba hicho ni chini ya tani mbili na nusu. Mmeipa karibu mara tano. Mzigo wa Canter tatu umemwagwa sebuleni, na bado mnapanda juu yake na nyundo. Slabu ikikatika inaangukia ya chini yake, ambayo nayo ina kifusi chake, na jengo lote linakwenda kama chapati zilizopangwa.

Shusheni kifusi kila siku, mara kadhaa kwa siku. Tobo la kushushia litobolewe katikati ya slabu, mbali na bimu na nguzo, na chini yake pazungushiwe uzio, asipite mtu. Kama mnatumia mapipa yaliyounganishwa kama bomba, mtu mmoja asimame chini kulinda, na asishushe mtu kitu kabla huyo hajajibu. Na kama mhandisi amesema slabu ichukue kifusi cha kimo fulani, chukueni chaki, pigeni mstari ukutani kwenye kimo hicho. Kifusi kikifika kwenye mstari, nyundo zote chini na makoleo mkononi. Mstari wa chaki unaonekana hata na mtu asiyejua kusoma.

Na mkiwa na tangi la maji juu ya paa, limwageni kabla ya kitu kingine chochote. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 ni tani tano zinazocheza.

Kuna mwenzetu alipoteza mguu mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukibomoa nyumba ya biashara ya ghorofa moja katikati ya mji. Sitalitaja jina lake, na aliyetupa kazi simtaji pia. Ilikuwa na roshani iliyotoka nje mita moja na nusu hivi, haina nguzo chini. Sisi tulivunja kwanza ukuta uliokuwa umekaa juu ya shina la roshani, kisha sehemu ya slabu ya ndani. Yeye alikuwa amesimama juu ya roshani, anangoja kukabidhiwa kamba. Nakumbuka sauti. Haikuwa kishindo, ilikuwa kama mtu anayechana turubai, taratibu, halafu roshani ikainama kama sinia. Alishuka nayo.

Hatukujua kitu ambacho sasa namfundisha kila ninayemkuta. Roshani iliyoning'inia haijabebwa kwa chini, imeshikwa kwa juu. Nondo zake kuu hupita upande wa juu wa slabu, zinaingia ndani ya nyumba, na uzito wa slabu ya ndani pamoja na ukuta ndio unaozikandamiza zisinyanyuke. Ni kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima huku mwenzake amemshika mkono. Sisi tulimwachisha mkono. Roshani hubomolewa hivi: egemeza kwa chini kwa mirunda au vyuma vilivyosimama juu ya kitu imara, kisha vunja kuanzia ncha ya nje kurudi ukutani, mvunjaji akiwa amesimama ndani ya nyumba na mkanda wake umefungwa mahali pasipobomolewa. Ukuta wa juu ya shina na slabu ya nyuma vikae mpaka roshani imekwisha. Hivyo hivyo kwa vivuli vya madirisha na kwa ngazi zilizotoka nje.

Yako pia majengo, hasa mabohari makubwa na madaraja, yenye bimu za zege zilizotiwa waya za chuma zilizovutwa zikakazwa. Hizo zina nguvu iliyofungiwa ndani, na ukizikata usivyojua zinafyatuka. Kwa macho ya fundi wa kawaida hazitofautiani na bimu nyingine. Michoro ndiyo inayosema, na michoro isipopatikana, mhandisi aje.

Nimetaja mhandisi mara kadhaa na najua baadhi yenu mnaguna. Mnaona ni gharama. Jengo la ghorofa halibomolewi bila kibali cha halmashauri, wala bila mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wakaguzi wa usalama kazini, OSHA, wana haki ya kuingia kwenye eneo na kusimamisha kazi. Kibarua wa chini kabisa ana haki ya kuuliza: kibali kiko wapi, mpango wa kazi umeandikwa wapi, nani ameusaini? Mpango huo hauhitaji kuwa kitabu. Unataka kuonyesha kitaanza nini, kitafuata nini, nini kitaegemezwa kwanza, kifusi kitapita wapi, watu watatokea wapi jambo likiharibika. Ukikuta mnyapara ana mpango kichwani tu, ujue siku akiugua malaria kazi itaendeshwa bila mpango.

Kabla ya nyundo ya kwanza zungukeni nyumba nzima, nje na ndani, bila haraka. Nendeni na mwenye nyumba au mpangaji wa zamani, kwa sababu wao wanajua ukuta ulioongezwa baadaye, nguzo iliyowahi kukatwa ili gari liingie, shimo lililofukiwa. Tazameni nyufa. Umeme ukatwe na TANESCO kwenye nguzo ya barabarani. Kuzima swichi kuu hakutoshi, maana waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado una moto. Angalieni pia kama jirani hajajiungia umeme kutoka nyumba hii, mambo hayo yapo. Na siku hizi kuna sola. Paneli haizimwi na TANESCO, ikipata jua inatoa umeme, kwa hiyo ifunikwe na ifunguliwe na anayeijua. Maji yafungwe, mitungi ya gesi itoke.

Halafu nendeni kwa jirani. Kule Kariakoo, Gerezani, Ilala, nyumba zimeshonana. Ukuta mnaoubomoa huenda ndio unaobeba boriti za paa la jirani, au ndio ulioegemeza nyumba yake miaka hamsini. Pigeni hodi, mwambieni, ingieni ndani kwake mtazame ukuta huo kwa upande wa pili, pigeni picha nyufa zilizokuwepo ili pasiwe na ugomvi baadaye. Kama ukuta ni wa wote, haubomolewi mpaka nyumba yake imeegemezwa. Na asiwepo anayechimba karibu na msingi. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani wakifanya biashara, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ripoti za siku zile zilisema chini kulikuwa kukichimbwa. Nilikwenda siku ya pili nikasimama mbali na kamba, nikawasikia vijana wa uokoaji wakiomba kimya ili wasikilize sauti za walio chini. Mji wenye kelele kama ule ukanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kizito namna ile.

Na nyumba iwe tupu. Mnajua ile alama ya X nyekundu inayopigwa ukutani. X haijamtoa mtu ndani. Huko Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe, na wapangaji walikuwa bado wanalala humo. Ukifika kwenye nyumba yenye X, ingia chumba kwa chumba, fungua kila mlango, chungulia chini ya ngazi na kwenye stoo. Kuna mtu asiye na pa kwenda ambaye amehamia jana usiku. Kuna watoto wanaocheza. Fanya hivyo kila asubuhi, na si siku ya kwanza peke yake. Jioni mkiondoka, pawe na uzio wa mabati na mlinzi, kwa sababu waokota vyuma huja gizani na hawajui mmeacha nini kimelegea. Msiache ukuta umesimama peke yake usiku kucha. Upepo wa usiku hauna adabu na ukuta usio na paa.

Kwa nyumba za mawe za pwani nitasema machache, maana zinataka waraka wake. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinatia moyo. Lakini kinachozishika zisifunguke ni boriti za mikoko zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta. Paa likivuja miaka, boriti inaoza pale inapoingia ukutani, ambapo macho hayafiki, na chokaa inageuka unga. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati inakarabatiwa, na watu wawili wakafa. Pale hawakuwa wakibomoa, walikuwa wakitengeneza. Kwa hiyo nyumba ya mawe iteremsheni ukuta kwanza hadi kwenye usawa wa boriti, kisha toeni boriti za usawa huo, kisha teremkeni tena. Na Mji Mkongwe wenyewe ni urithi wa dunia, haubomolewi kwa uamuzi wa mwenye nyumba peke yake.

Kijiko kikija, wengi hupumua wakidhani sasa hatari imekwisha. Mashine inaondoa mikono ya watu kwenye ukuta, ni kweli, nami naipenda kwa hilo. Lakini ikiwa inafanya kazi asiwepo mtu hata mmoja karibu nayo. Nimeona vijana wanakimbilia nondo chini ya mkono wa kijiko, dereva hawaoni. Wekeni mtu mmoja tu wa kumwashiria dereva, amevaa kiakisi mwanga, na dereva asimtii mwingine. Mtu wa kuokota aingie mashine ikiwa imezimwa na ndoo yake imelala chini. Kama mnavuta ukuta kwa waya au kamba, umbali wa anayevuta uwe angalau mara moja na nusu ya kimo cha ukuta: ukuta wa mita sita, mita tisa. Na msisimame sambamba na waya, maana ukikatika unarudi kama mjeledi.

Nije kwenye vumbi, kwa sababu hili linaua kimya na mwuaji hashikwi. Vumbi la zege, tofali na mchanga lina silika, chembe ndogo sana zinazokwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Mwagieni maji. Pampu ndogo na mpira wa bustani vinatosha kwa nyumba ya kawaida, mtu mmoja akimwagia mahali nyundo inapopigwa. Kitambaa cha kufunga puani kinakupa moyo tu, hakikingi chembe hizo.

Baya zaidi ni asbesto. Shule, mabohari na kota nyingi za zamani zimeezekwa kwa mabamba ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yanayofanana na saruji. Ukikuta bamba la namna hiyo, lihesabu kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme sivyo. Nyuzi zake hazionekani kwa macho. Ukizivuta leo hutakohoa leo. Saratani yake huja baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati tajiri aliyekutuma amekwisha kufa na wewe una wajukuu. Na nyuzi hizo huenda nyumbani kwenye nguo: duniani wameugua wanawake ambao kazi yao ilikuwa kufua ovaroli za waume zao, hawakuwahi kukanyaga kiwandani wala kwenye ujenzi. Bamba la asbesto halivunjwi wala halikatwi kwa grenda wala halitupwi chini. Linaloweshwa, misumari au skrubu zinafunguliwa, linashushwa zima kwa mikono, linafungwa kwenye nailoni nene mara mbili, linaandikwa, na linakwenda mahali mamlaka ya mazingira itakapoelekeza. Usikanyage juu yake bila ubao, linapasuka bila kukuonya. Barakoa iwe ya chujio maalumu la vumbi laini, na nguo za kazi zibaki kazini. Mkiambiwa mvunje tu mfukie hapohapo, kataeni kazi.

Kukataa. Najua neno hili ni jepesi kwa mzee mwenye pensheni. Kwako wewe unayelipwa leo ule leo, kusema "mnyapara, hapa sipandi" ni kuweka unga wa watoto rehani. Ndiyo maana nawaomba msilisemee peke yenu. Asubuhi, kabla ya kazi, simameni wote mduara dakika kumi, mnyapara aeleze leo kinatoka nini na kimebeba nini, na kila mmoja aruhusiwe kuuliza, hata aliyeanza jana. Yule mgeni ndiye mara nyingi anayeona ufa ambao sisi tumeuzoea. Mkikataa wanne hamfukuzwi kirahisi kama mmoja. Ulizeni pia kama mwajiri amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na majina yenu yaandikwe kwenye daftari kila siku. Nimeona mama amekaa nje ya chumba cha maiti siku mbili, kwa sababu kwenye eneo la kazi hakuna aliyejua jina kamili la mwanawe wala kwao. Walimjua kwa jina la utani.

Nanyi mnaokuwa wanyapara, muda wenu ndio huu. Kijana akikuambia anaogopa, shuka naye mkatazame. Huenda amekosea, mtapoteza dakika tano. Msimcheke, maana mkimcheka leo, kesho ataona na atanyamaza.

Limebaki moja, ambalo watu hulisahau kwa kuwa nyumba imekwisha lala chini na kila mtu amechoka. Nyumba zetu za zamani zina mashimo. Shimo la choo, shimo la maji machafu, kisima kilichofunikwa kwa slabu nyembamba wakati bomba la maji lilipofika mtaani. Kifusi kikitandazwa juu, hayaonekani. Nimeona kijiko kimetumbukia tairi za nyuma, na nimesikia ya mtoto. Kwa hiyo siku mnayozunguka na mwenye nyumba, kabla ya yote, mwulizeni mashimo yako wapi, myachore kwenye karatasi, mpime kutoka kona ya kiwanja ambayo haitabomolewa. Siku ya mwisho rudini na karatasi hiyo na futi. Pimeni, fukueni, vunjeni kifuniko. Msishuke ndani, hewa yake inaua. Nyonyeni majitaka kwa gari, kisha jazeni kifusi na udongo kidogo kidogo huku mkishindilia, mpaka usawa wa ardhi. Simikeni kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye kila shimo mlilojaza, ili atakayekuja kuchimba msingi mpya ajue ardhi ile si ya asili. Karatasi mpeni mwenye kiwanja mkononi. Halafu ondoeni uzio.